Kazi Yangu Ilikuwa Kuingia

Vijana wangu wa chumba cha mawimbi, siku mliponiaga mlinipa saa ya ukutani, ambayo sijui mlitaka niitazame nikisubiri nini, kisha mkaniomba niandike kidogo jinsi kazi ilivyokuwa kabla yenu. Naandika. Msitafute humu habari za vyeo, maana vilikuwa vichache na vilikwenda kwa wengine. Mishahara nayo tuiache ilale. Nitaandika habari za wivu, kwa sababu katika miaka yangu yote ya kupima mawimbi ya ubongo sikuwa na kitu nilichokifanya kwa uaminifu kama kuona wivu. Hata siku za umeme kukatika, nilipokuwa sina mashine ya kuwasha, wivu ulifanya kazi.

Nilishuka Morogoro kutoka Gairo nikiwa kijana mwembamba, mtoto wa mkulima wa karanga, na cheti cha usaidizi wa maabara ambacho nilikikunja mara nyingi mpaka kikaanza kupasuka kwenye mikunjo. Hospitali iliyonipokea sitaitaja, wanaoijua wanaijua. Nilitegemea darubini na vichupa. Badala yake nikapelekwa kwenye chumba kidogo mwisho wa korido, nikamkuta mzee mfupi aliyevaa koti jeupe lililopigwa pasi ya mkaa, anamchana nywele mwanamke. Nikafikiri nimekosea mlango.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Shika beseni," akajibu, bila kugeuka.

Huyo ndiye Mzee Banzi, Mluguru wa Mkuyuni, mwalimu wangu. Asubuhi ile alinifundisha kwamba kazi yetu inaanzia kwenye nywele. Ubongo una umeme mdogo sana, na ili mashine iusikie kupitia fuvu na ngozi, kichwa lazima kiwe safi. Wagonjwa wetu waliteremka kutoka milimani wakiwa wamepakwa mafuta ya nazi, wamesukwa, na wengine wamekandwa dawa za miti shamba ambazo hakuna sabuni iliyozitambua. Tulifumua, tukaosha kwa maji ya uvuguvugu, tukapangusa kwa spiriti. Kisha Mzee Banzi alitoa chanuo lake la mti mweusi kutoka mfuko wa koti, akagawa nywele mistari iliyonyooka kama matuta ya mchicha, akapaka uji na kubandika nyaya. Nasema uji kwa sababu ulikuwa uji kweli. Dawa ya kubandikia ya dukani haikupatikana, kwa hiyo tulipika wenyewe kwa unga, chumvi na glisarini, na wahudumu wa wodi ya jirani walikuja na vikombe zaidi ya mara moja.

Mashine yenyewe tuliiita Kuku. Ilikuwa na kalamu nane zilizoparura karatasi iliyokuwa ikitembea, na sauti yake ilikuwa hasa ya kuku wanaochakura nyuma ya jiko. Mgonjwa akitulia na kufumba macho, kalamu zilichora vilima vidogo vya kupendeza. Kifafa kikipita, hata kile ambacho mgonjwa mwenyewe hakuhisi, zilipanda na kushuka kwa ncha kali. Tatizo ni kwamba Kuku hakuchagua. Mgonjwa akikaza taya, akimeza mate, akipepesa macho, kalamu ziliruka vilevile, maana misuli nayo ina umeme wake, tena mwingi kuliko wa ubongo. Kujua lipi ni la ubongo na lipi ni la taya ndiyo ilikuwa kazi.

Nilizipenda kalamu zile kupita kiasi. Nilisimama pale nikizitazama kama mtu anayetazama mpira, na Mzee Banzi alinikaripia kila mara.

"Deo, karatasi haikimbii. Utaisoma baadaye. Tazama uso wa mgonjwa."

Nikageuza macho kwa muda, kisha yakarudi yenyewe kwenye kalamu.

Wivu wangu wa kwanza ulikuwa juu yake yeye. Wamama wa Kinole na wa Matombo walikaa kwenye benchi nje na kuuliza, "Yule mzee wa chanuo yupo?" Nikiwaambia nipo mimi, walisema asante mwanangu, tutasubiri. Mikono yake ilituliza watoto ambao kwangu walilia mpaka kamasi. Niliondoka jioni nikijiambia kwamba siku moja chanuo lile litaingia mfuko wangu na wao watanisubiri mimi. Sikuwa namwombea mabaya. Nilikuwa namwombea kustaafu tu.

Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Mji ulijaa vitu. Katika maduka ya barabara kuu ungeweza kununua redio za kaseti zenye taa, manukato, viatu vya kuchuchumia, na maziwa ya kopo kutoka nchi ambazo hatukujua kama zina ng'ombe. Wino wa Kuku haukuwemo. Karatasi yake pia ilikuwa adimu, na wagonjwa wakaanza kuambiwa wachangie gharama, jambo ambalo mtu wa kulima ndizi alilielewa kwa namna moja tu, yaani abaki nyumbani. Tukachanganya wino wa kalamu za shule na maji ya betri, tukachuja kwa kipande cha shuka. Kalamu ziliziba. Nilizizibua kwa uzi mwembamba wa shaba, na kwa hilo naweza kujisifu bila kuona haya, maana hata Mzee Banzi alinipa kalamu zake za kuandikia nizizibue.

Katikati ya hali hiyo ndipo akaja Editha.

Alikuja na kompyuta. Niseme kweli, kompyuta ililetwa na wafadhili na Editha aliletwa na wizara, lakini vilifika wiki moja na mimi niliviweka kwenye kapu moja. Alikuwa binti mdogo kutoka Dar es Salaam, mwepesi wa kucheka, amesomea mambo ya mitambo ya tiba. Aliziunganisha nyaya zile zile za Kuku kwenye kisanduku, kisanduku kwenye kompyuta, na mawimbi yakatokea kwenye kioo, ya kijani, bila wino, bila karatasi, bila kuparura. Mzee Banzi alivuta kigoda, akakaa pembeni yake kama mwanafunzi wa darasa la kwanza, akauliza hiki ni nini na kile ni nini. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na beseni.

"Kaka Deo, njoo uone," Editha akaniita.

"Naona kutoka hapa," nikamjibu. Sikuwa naona kitu, jua lilikuwa linapiga kioo.

Nilimtafutia kasoro na nikaipata haraka. Binti yule hakutaka kuamkiwa. Msichana yeyote mgonjwa akimwambia shikamoo, alicheka na kumshika bega, "Usinizeeshe bwana, mimi dada yako tu. Sema mambo." Wasichana waliona aibu mwanzoni, kisha wakasema mambo, naye akajibu poa, na tayari walikuwa marafiki. Nikamwambia Mzee Banzi kwamba tabia ile ya Dar itatuharibia watoto. Akasema, "Lakini umeona? Anatazama uso." Maneno hayo yaliniuma kwa muda mrefu.

Kitu kilichonimaliza kabisa kilikuwa mtandao. Hospitali haikuwa na laini ya kufanyia mambo hayo, lakini katika barabara kuu palifunguliwa duka la intaneti, chumba chenye kompyuta chache, feni moja, na foleni ya vijana waliokuwa wakiandikia wapenzi ambao hawajawahi kuwaona. Editha alinakili mawimbi ya mgonjwa kwenye disketi, akazifungia ndani ya kopo la siagi ili vumbi lisiingie, na kuzipeleka huko. Modemu ilipiga miluzi, tukasubiri, ikakatika, ikapiga tena. Asubuhi nzima ingeweza kuishia kwenye kichwa cha mtu mmoja. Baada ya siku kadhaa bingwa mmoja wa mishipa ya fahamu huko ng'ambo, aliyejitolea kutusaidia, alijibu na kusema anachoona. Mimi nilienda pamoja na Editha nikiwa nimebeba kopo. Hakuna aliyeniomba nilibebe, lakini sikuweza kubaki hospitali nikijiuliza wanaambiana nini.

"Ameandika nini hapo juu?" nilimuuliza siku ya kwanza jibu lilipokuja.

"Ameandika mpendwa Editha."

"Mpendwa? Mnajuana?"

"Ndiyo wanavyoanza barua kaka. Hata angekuwa anakudai angeandika mpendwa."

Sikuridhika. Nilikuwa nimeosha vichwa vya nusu ya Uluguru na hakuna mtu wa ng'ambo aliyewahi kuniita mpendwa.

Mzee Banzi alistaafu mwaka ule, akarudi kwenye kijumba chake pale mjini kufuga bata. Alitushika mikono sote, akatuombea heri, akaondoka na chanuo lake mfukoni. Nililiangalia mpaka lilipopotea kwenye kona ya duka la dawa. Nilijiambia kwamba atalileta, mzee yule hana haraka.

Sasa nifike kwa Tekla, maana yeye ndiye aliyetufanya tujulikane, na yeye ndiye sababu ya mimi kuandika.

Tekla alikuwa msichana wa kidato cha pili katika shule ya masista, kutoka Kinole, mrefu, mkimya, wa kwanza darasani. Alianguka mara mbili, kwanza wakati wa paredi shuleni, kisha kanisani kipindi cha kwaresima. Wenzake walisema kifafa, na mnajua neno hilo likishasemwa halirudi mdomoni. Aliletwa na mjomba wake, Mzee Plasidi, mkulima wa mdalasini na machungwa. Kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye sauti juu ya watoto wa dada yake, baba anaweza kulalamika lakini mjomba ndiye anayeamua. Na Mzee Plasidi alikuwa ameshaamua nusu. Alisimama mbele ya daktari wetu, kofia mkononi.

"Mimi sina ugomvi na shule, daktari," alisema. "Lakini mtoto wa kuangukia moto au maji hawezi kulala bwenini. Mashine ikisema ni kifafa, nachukua sanduku lake leo leo. Akae na bibi yake, tumwangalie."

Tekla alikuwa ameketi pale, amejifunga kitambaa kichwani, anatazama vidole vya miguu yake. Machozi yalidondoka tu kwenye sketi ya shule.

Tulimpima kwa kompyuta. Editha alimwosha, wakaambiana mambo na poa, akambandika nyaya. Akamwelekeza alale chali, afumbe macho, asiseme, asitikisike. Mlango wetu ulikuwa unafunguka moja kwa moja kwenye korido, na siku hiyo ulifunguka sana. Mjomba alikuja kuuliza kama inauma. Metroni alikuja kutafuta shuka zake. Daktari alipita na wanafunzi. Mimi niliingia kuangalia kama wananihitaji, nikatoka, nikaingia tena. Kila mtu alipiga hodi kwanza, maana sisi ni watu wastaarabu, na Editha akajibu karibu kwa sauti ya chini. Kwenye kioo mawimbi ya Tekla yalikuwa yametulia, kisha ghafla yalipanda kwa ncha, yakatulia, yakapanda tena.

Disketi zikaingia kwenye kopo, kopo likaenda barabara kuu. Jibu lilipofika Editha alilisoma mara mbili kabla ya kunitafsiria. Mpendwa Editha, bingwa alisema, kuna milipuko ya umeme ya mara kwa mara, nashauri msichana aanzishiwe dawa za kifafa. Mzee Plasidi alipoambiwa hakubisha. Alienda shuleni akachukua sanduku, godoro na ndoo, akavipakia kwenye gari la matunda. Sista mmoja aliniambia kwamba Tekla aliomba aachiwe vitabu tu, na mjomba akasema vya nini.

Daktari wetu ndiye aliyeomba apimwe tena kabla ya dawa, kwa sababu msichana hakuonekana kwake kama mgonjwa wa kifafa na kwa sababu alikuwa mtu wa kuuliza mara mbili kila kitu. Mjomba alikubali kwa shida, akamleta siku ya soko ili safari isipotee bure. Safari hii Editha aliweka sharti. Mtu yeyote asiingie. Alibandika karatasi mlangoni, akamweka mjomba kwenye benchi la mbali na chungwa la kumenya, akafunga mlango.

Mimi nilijiona simo katika huyo mtu yeyote. Chumba kile nilikijua kabla yeye hajajua kusoma. Dakika chache zikapita, nikapiga hodi, nikaingia kuchukua uzi wangu wa shaba. Nikatoka. Nikapiga hodi, nikaingia kuurudisha. Nikatoka. Nilipoingia mara ya tatu sikuwa na sababu yoyote, nikajifanya natazama dari kama linavuja.

Editha hakuwa akitazama kompyuta. Alikuwa amevuta kigoda karibu na kitanda, macho yake yako usoni kwa Tekla. Akainua kidole.

"Kaka Deo, toka."

"Natoka. Ukali wa nini?"

"Toka, halafu ingia tena. Ingia kama unavyoingia siku zote, na hodi yako."

Nilidhani ananicheka. Nikatoka nimevimba, nikasimama korido, nikapiga hodi kwa sauti ya kumkomoa. Nilipofungua mlango niliona kioo kwa macho yangu. Mawimbi yalikuwa yamepanda, ncha kali zile zile. Editha akaenda dirishani, akarudi, akaburuta kigoda, akakohoa. Mawimbi yakalala. Akanipa ishara nitoke, nikatoka, nikapiga hodi, yakapanda.

"Wewe ndiye unayeyaleta," alisema. Kisha akainama kwa msichana. "Tekla, fumbua macho mdogo wangu. Ukimsikia kaka Deo anapiga hodi, unafanya nini?"

Tekla akafumbua macho. "Namwamkia."

"Mbona hatukusikii?"

"Mliniambia nisiseme wala nisitikisike. Naamkia moyoni."

"Unaamkiaje moyoni?"

"Nasema shikamoo, ila nafunga mdomo. Naimeza." Akaonyesha. Taya lilikaza kidogo, koo likashuka, na macho yaliinama chini ya kope, kitu ambacho ungepaswa kuwa na uso wake mbele yako ili ukione. "Nimelala chali halafu mtu mzima anaingia. Nitamnyamaziaje?"

"Na mjomba?"

"Mjomba ndiyo zaidi."

"Na mimi?"

Tekla akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tumjue. "Wewe ni mambo tu. Mambo haina kujiandaa."

Nawaambieni, hakuna mtu wa ng'ambo ambaye angelijua hilo, na hakuna mtu wa hapa aliyeliona, kwa sababu sisi wote tulikuwa tukiingia na kuamkiwa kila siku mpaka tukaacha kusikia. Kompyuta nayo ilichangia. Ilikuwa na kichujio cha kulainisha mistari, na michirizi ya misuli, ambayo Kuku angeichora minene na yenye manyoya, pale ilitoka imenyolewa vizuri, imefanana na kifafa. Editha alikiri hilo mwenyewe kabla sijamwambia, na hiyo pia iliniudhi.

Daktari alitaka ushahidi ambao hata mjomba angeuona. Kwa hiyo Kuku alifunuliwa. Nilikuwa nimemfunika kwa kitambaa cha meza pembeni ya chumba, na chini ya kabati nilikuwa na bunda la mwisho la karatasi ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Nilizibua kalamu nane moja moja. Nilichanganya wino. Nilipika uji. Nikajiona nimerudi mahali pangu. Kisha Editha, bila kuniuliza, akamtuma mhudumu amwite Mzee Banzi.

Mzee alikuja na manyoya ya bata kwenye suruali. Akaamkiwa na kila mtu, akatoa chanuo mfukoni, akamchana Tekla kwa mkono ule ule wa zamani. Akakaa mbele ya Kuku. Editha akakaa mbele ya uso wa msichana. Daktari na mjomba wakasimama kando ya ukuta.

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe nenda nje," akasema Mzee Banzi. "Tukikuita, ingia."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Baada ya miaka yote ile ya beseni, spiriti na uzi wa shaba, siku kubwa kuliko zote katika chumba kile, kazi yangu ilikuwa kuingia. Nilisimama korido nikimsikia Kuku anachakura ndani, wino wangu ukitembea kwenye karatasi yangu chini ya mikono ya watu wengine, na wivu ulinipanda mpaka masikio yakawa ya moto. Nikaitwa. Nikapiga hodi, nikaingia. Kalamu zote nane ziliruka. Nikatoka, zikalala. Nikaingia, zikaruka. Mzee Plasidi alisogea, akainama juu ya karatasi, akaweka kidole karibu na wino bila kuugusa.

"Hapa ndipo anamwamkia huyu?"

"Hapo," alisema Mzee Banzi.

"Na hapa?"

"Hapo alitoka. Hakuna kitu. Kichwa cha mtoto ni kizima."

Mjomba aliifuata karatasi kwa macho mpaka ilipoishia sakafuni. "Kumbe adabu yake imeshuka mpaka ndani," akasema. Daktari akamweleza kwamba kuanguka kule kulikuwa kwa jua na tumbo tupu, msichana alikuwa hanywi chai asubuhi ili awahi kusoma. Mzee Plasidi akaichukua kofia yake. "Basi nitampelekea mihogo shuleni mimi mwenyewe. Na sanduku lirudi leo, gari lipo." Tekla alijifunika uso kwa kanga, nyaya bado zikiwa kichwani, akalia kwa kwikwi, na kalamu za Kuku zikaenda wazimu mpaka Mzee Banzi akaizima mashine.

Watu walipotoka, Mzee Banzi alifuta chanuo kwa pamba na spiriti. Nilikuwa nimesimama karibu naye. Nilikuwa hata nimenyoosha mkono kidogo, kama mtu anayenyoosha mgongo. Akampa Editha.

"Wewe unatazama uso," alimwambia. Kisha akanigeukia. "Deo, wino wako ulikuwa mzuri sana."

Nilisema asante. Nilienda nyuma ya jengo kumwaga maji machafu, nikayamwaga polepole sana. Msiniulize kama nilimsamehe mzee yule. Nilimzika kwa heshima zote, nikabeba jeneza, na hata pale kaburini nilikuwa nafikiria chanuo.

Miaka iliyofuata mnaifahamu. Kompyuta zilibadilishwa, Kuku akauzwa kama chuma chakavu siku ambayo nilikuwa likizo, na Editha akawa mkuu wa chumba. Chanuo limebaki na meno machache, bado yuko nalo kwenye mfuko wa koti, mmeliona. Mimi mmenizoea kwa hodi zangu.

Sasa nimestaafu, nashinda kwenye duka la intaneti kule kule barabara kuu, ambako vijana wananiita mzee wa ubongo na kunipa kompyuta ya pembeni. Nasoma kwamba huko ng'ambo wanamwekea mtu aliyepooza kidude kichwani, naye anasogeza alama kwenye kioo kwa kufikiri tu, bila kuinua kidole. Wanafundisha nyani kuongoza mkono wa chuma kwa mawazo. Nawaonea wivu watu hao, wana wino wa kutosha na hakuna anayewatuma wakasimame korido. Nilimpigia simu Editha nikamwambia kwamba hilo la kupokea neno kutoka ndani ya kichwa kabla halijatoka mdomoni si jipya, sisi tulilifanya Morogoro, na neno lenyewe lilikuwa shikamoo, na lilikuwa langu.

"Ilikuwa taya, kaka Deo," akasema. "Misuli ya taya tu."

Najua ilikuwa taya. Nimeifanya kazi hii kabla yake.

Nimalizie na sherehe yenu ya kuniaga, maana wengi mlikuwa mnatazama chakula hamkuona. Tekla alikuja. Ni mwalimu wa hesabu Mkuyuni sasa, mwanamke mzima mwenye mkoba na miwani. Alipoingia ukumbini alikimbilia moja kwa moja kwa Editha, wakakumbatiana, mambo, poa, wakacheka na kushikana mikono kama wasichana, na mimi nikiwa mwenye sherehe nilikuwa nimesimama na soda yangu nikisubiri. Niliona wivu kama nilivyozoea. Kisha mgeni rasmi akaanza hotuba, kipaza sauti kikapiga mluzi, watu wakatulia, na Tekla akavuka ukumbi kwa ncha za vidole akaja kusimama mbele yangu. Hakuweza kusema, hotuba ilikuwa inaendelea. Aliinamisha kichwa. Midomo imefungwa. Niliutazama uso wake, kama nilivyofundishwa na sikuwahi kujifunza, nikaona taya linakaza kidogo na koo linashuka.

"Marahaba," nilisema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, mgeni rasmi akakatiza sentensi yake.

Nilipogeuka, Editha alikuwa nyuma yangu, sahani mkononi. Nywele zake zimeanza mvi siku hizi. Alikuwa ameona yote, na uso aliokuwa nao naujua, nimeuvaa miaka mingi katika chumba kile.

"Mimi hajawahi kuniamkia hata siku moja," alisema.

Nikamwambia ale, pilau linapoa.